Kunde za Saa Sita na Nusu

Saa nne asubuhi, uani kwa Antonia, sufuria tatu zilikuwa zinatokota juu ya majiko matatu ya mkaa. Wanawake tisa walikuwa wameketi kuzizunguka, khanga zimefungwa mabegani kwa sababu ya upepo wa Julai, wakiitazama saa ya mezani kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi.

"Mama Jordan, hii saa yako inatembea kweli?" aliuliza Josephine, jirani wa upande wa kisimani. "Mbona naona mshale umelala?"

"Saa inatembea. Zilizolala ni kunde zako."

Wakacheka wote. Josephine naye akacheka, maana ilikuwa bado mapema na hakuna aliyekuwa ameshindwa.

Antonia, huyo Mama Jordan, alikuwa na miaka arobaini na minne. Kwa miaka tisa alikuwa mpishi katika shule ya bweni mjini Dodoma, na mtu aliyepikia watoto mia sita kwa miaka tisa hadanganyiki tena kwa maneno matamu kuhusu chakula. Moshi wa kuni ulimwingia kifuani, daktari akamwambia achague kati ya jiko na mapafu yake. Akachagua mapafu. Akarudi kijijini kwa mumewe Wilbert, si mbali na Chamwino, akalima mtama, karanga na kunde kama wenzake.

Lakini kuna jambo moja alirudi nalo na halikumtoka. Miaka yote ile, kunde na maharage ya shule yalikuja kwa lori kutoka soko la Kibaigwa, yakiwa yamepita mikononi mwa watu wanne au watano, yamechanganywa ya kila pembe na ya kila mwaka. Huku kijijini kwao wanawake walikaa kando ya barabara juani, wanauza kunde kwa kopo, kopo moja moja, kwa wapita njia waliotaka na nyongeza juu. Mpishi anatafuta chakula, mkulima anatafuta mlaji, na katikati yao ipo barabara isiyozidi saa moja. Jambo hilo lilimkera kama kokoto ndani ya kiatu.

Basi bila kutumwa na mtu, bila cheo wala kikao, alivaa gauni lake la kanisani akaanza kubisha hodi. Shule ya kwanza walimwambia arudi muhula ujao. Shule ya pili walimwambia wanakijiji hawaaminiki, leo wanaleta, kesho wana ngoma. Mahali pa tatu palikuwa hospitali ya kanisa, na huko alikutana na mpishi mkuu, Eliakimu, mwanaume mnene mwenye aproni nyeupe na sauti ya mhubiri. Eliakimu alimsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake.

"Mama, mimi sihitaji hotuba," alisema. "Nina wagonjwa wanaokula saa sita na nusu. Si saa saba. Wakishakula ndipo manesi wanawapa dawa za mchana. Kunde zako zinaweza kuiva kabla ya saa sita na nusu?"

"Zinaweza."

"Bila magadi?"

"Bila magadi."

"Niletee magunia kumi na mawili Alhamisi ya wiki ijayo. Zikiiva kwa saa, nitawasemea kwa mwaka mzima, na yule bwana wa stoo wa sekondari ya jirani ni rafiki yangu, nitamwambia. Zisipoiva narudi Kibaigwa, na tusilaumiane."

Hilo ndilo lililokuwa limewakusanya wanawake uani Jumamosi ile. Antonia alijua kitu ambacho mpishi wa nyumba moja anaweza kuishi bila kukijua: kwamba ndani ya sufuria kubwa gunia moja bovu linaharibu mengine yote. Kunde laini zinarojeka na kuwa uji wakati zile ngumu bado zinalia kwenye mwiko. Kwa hiyo alikuwa ameamua kwamba kila mwenye gunia atapikiwa konzi moja ya kunde zake, peke yake, mbele ya macho yake. Muda ni saa moja na nusu. Ikiiva, gunia linakwenda. Isipoiva, linarudi nyumbani.

Saa moja na nusu ilipotimia kengele ililia. Antonia akachota kunde ya Josephine kwa kijiko, akaipuliza, akaibana kati ya vidole viwili. Haikubonyea. Akajaribu sufuria ya pili. Kokoto. Ya tatu, kokoto vilevile.

"Jamani," akasema. "Kunde hizi ni za lini?"

Wakatazamana.

"Zangu za mwaka jana," alisema Josephine.

"Zangu za mwaka juzi," alisema mwingine, tena kwa fahari. "Nimezichambua moja moja, Mama Jordan. Huoni hata tundu la mdudu."

"Na mpya za mwaka huu ziko wapi?"

Swali hilo liliwashangaza. Josephine alimjibu taratibu, kama anayemwelekeza mgeni. "Si ziko kwenye kilindo? Mpya zinatokaje na za zamani zipo?"

Hapo Antonia akaelewa, na akajilaumu kwa kuchelewa kuelewa. Katika nyanda zile mvua ikitaka kukunyima haikuandikii barua. Kwa hiyo kila nyumba yenye heshima ina kilindo, lile pipa la magome ya mti lililozibwa kwa udongo, na ndani yake mavuno mapya yamechanganywa na majivu yasiguswe na wadudu. Mapya yanaingia, ya zamani yanatoka. Mwanamke anayechota kunde mpya huku za mwaka jana hazijaisha anasemwa kisimani hadi watoto wake wanasikia. Hawakuwa wamemletea uchafu. Walikuwa wamemletea kunde zao za kutoka, zile ambazo mtu mwenye akili hutoa. Nyumbani ugumu wake haukuonekana kamwe, kwa kuwa kila mama alitupia kipande cha magadi na mambo yakaisha. Yeye mwenyewe alitupia.

Akaingia ndani, akachota konzi ya kunde zake za mwaka huu, akaziosha majivu, akaziweka jikoni. Baada ya saa moja na robo zilikuwa zimepasuka ngozi, laini, mchuzi umekuwa mzito. Wanawake walionja, wakarudia kuonja.

Ndipo mkokoteni wa punda ukaingia uani. Juu yake palikuwa na magunia matatu yaliyoshonwa vizuri, na kando yake alitembea Bibi Loisi, mama mzazi wa Wilbert, miaka sabini na mmoja, mgongo umenyooka kama mwanajeshi. Nusu ya wanawake waliokuwa pale walifundishwa naye kupanda kunde katikati ya mtama. Wote wakasimama.

"Shikamoo, bibi!"

"Shikamoo, mama," alisema Antonia.

"Marahaba, marahaba. Kaeni. Nimesikia hapa kuna mtihani. Mimi shule sikusoma, lakini kunde zangu zimesoma."

Antonia alitamani ardhi immeze hata kwa dakika tano. Haikummeza. Akachota konzi kutoka gunia la mama mkwe wake, akatia sufuriani, akaitegesha saa mbele ya kila mtu kama alivyofanya kwa wengine. Wakapiga soga. Bibi Loisi akasimulia habari za punda wake aliyemng'ata mgambo. Kengele ikalia.

"Mama, hazijaiva."

"Ongeza moto."

Akaongeza. Nusu saa ikapita.

"Bado, mama."

"Tia magadi, basi, unangoja nini?"

"Hospitali hawaruhusu magadi."

"Hawaruhusu magadi!" Bibi Loisi aliwageukia wenzake. "Kesho watakataza na maji."

Wakacheka, lakini kwa uangalifu, macho yao kwa Antonia. Angeweza kuyapokea yale magunia matatu na kuyapanga nyuma ya mengine. Wengi wangefanya hivyo, na wangeita heshima. Lakini heshima inayolipwa kwa chakula cha mgonjwa si heshima, ni woga tu.

"Siwezi kuzipeleka, mama," alisema. "Wala za hawa wengine siwezi. Naomba mnipe za mwaka huu."

Bibi Loisi akaweka mkono juu ya gunia lake.

"Nimemlea mume wako kwa kunde hizi hizi."

"Najua, mama."

"Ana meno yote mdomoni."

"Anayo, mama."

"Basi." Akamgeuza punda. "Mpya hazitoki kwangu. Mwenye kutaka watoto wake wafe njaa mwezi wa pili, atoe."

Nani angetoa baada ya maneno hayo? Kabla ya saa kumi ua ulikuwa mtupu, zimebaki sufuria tatu na magunia mawili ya Antonia mwenyewe. Magunia mawili, na Alhamisi inakuja.

Wilbert alirudi kutoka shambani akakuta mke wake anasugua masufuria kwa nguvu isiyo ya kawaida. Alikuwa ameshasikia yote njiani. Akala ugali wake kwanza, kwa busara.

"Sasa utafanyaje?"

"Sijui. Ungeongea na mama yako."

"Mimi?" Wilbert aliacha tonge hewani. "Mmoja amenizaa, mwingine nimemuoa mwenyewe kanisani mbele ya mashahidi. Niacheni nile."

"Nakuuliza kwa dhati, Wilbert."

"Na mimi nakujibu kwa dhati. Chukua magunia ya mama, changanya na yako. Nani ataona?"

"Sufuria itaona."

Wilbert akalitazama tonge lake, akalila.

Jumapili baada ya ibada akaja Geofrey. Huyu alikuwa dalali wa Kibaigwa, kijana mchangamfu mwenye pikipiki nyekundu, anayejua majina ya watoto wa kila mtu na bei ya kila kitu. Habari za sufuria tatu zilikuwa zimemfikia kabla ya kwaya kumaliza wimbo wa mwisho.

"Dada yangu, pole. Nimesikia bibi amekupiga chini."

"Hajanipiga. Amekataa tu."

"Ndiyo hivyo hivyo." Akaegemea pikipiki. "Sikiliza, mimi sina ugomvi. Kibaigwa kuna kunde mpya, zimeingia juzi, safi. Nakuletea magunia kumi, unaongeza mawili yako, Alhamisi unakwenda hospitali unang'aa. Unasema ni za kina mama wa kijijini. Zikipikwa zinaiva. Mgonjwa anakula, mpishi anafurahi, wewe unapata jina. Nani ameumia?"

Antonia alikawia kujibu, na tusimsifu kupita kiasi: alikawia kwa sababu alikuwa anafikiria. Kunde zingeiva kweli. Neno lake kwa Eliakimu lingetimia, nusu yake. Lakini nusu ya pili ya neno lile ilikuwa kwamba zinatoka kwa majirani zake, na ndiyo iliyomtoa nyumbani na gauni la kanisani. Akifanya hivi, mwakani kina mama watakuwa palepale barabarani na makopo yao, na yeye atakuwa dalali wa tano katika mlolongo wa madalali, ila huyu anavaa gauni.

"Wameumia kina Josephine," alisema.

"Si wamekataa wenyewe?"

"Wamekataa Jumamosi. Leo ni Jumapili."

Geofrey akacheka, akapiga kiki. "Ukibadilisha mawazo namba yangu unayo. Na hizo za zamani wasipozitaka, mimi nazichukua. Kibaigwa hakuna mtu anayebana kunde kwa vidole."

Hapo bila kujua alikuwa amemaliza mjadala. Antonia alijua vizuri kunde za namna hiyo huishia katika sufuria za nani, maana alikuwa amezipika miaka tisa.

Jumatatu asubuhi alivuka korongo kwenda kwa mama mkwe wake. Hakwenda na watu wa kumsaidia kuomba radhi, kwa kuwa hakuwa na kosa la kuombea radhi. Alikwenda na kilo moja ya sukari, kwa kuwa ni mama mkwe. Akamkuta anapepeta uwele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunipima na mimi?"

"Nimekuja kukualika. Kesho nakwenda hospitali jikoni, mpishi wao ameshanikubalia. Naomba twende wote, ubebe kunde zako, uzipike mwenyewe kwa mkono wako."

Ungo ulisimama.

"Huyo mpishi wao ni mwanaume?"

"Mwanaume, mama."

"Ndiyo maana." Akaendelea kupepeta, na mdomo wake ulikuwa umeanza kutabasamu upande mmoja. "Nitakwenda nikamfundishe."

Jumanne saa moja na nusu walikuwa mlangoni mwa jiko la hospitali, Bibi Loisi katika khanga mpya, amebeba kibuyu cha kunde kama zawadi ya mwali. Eliakimu alitoka akifuta mikono.

"Mbukwenyi, mama!" alimsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa. Kumbe una adabu." Akamkagua tumboni. "Na unakula unachopika. Vizuri."

Jiko lilikuwa kubwa kama darasa. Masufuria yenye kimo cha mtoto yalikaa juu ya majiko ya matofali, na wapishi wanne walikuwa wanakata kabichi kwa mwendo wa cherehani. Mchana ule wagonjwa wangekula wali na maharage kama ilivyopangwa. Eliakimu akampa Bibi Loisi jiko dogo la pembeni na sufuria yake, akamwonyesha saa kubwa ukutani.

"Sasa ni saa mbili kasoro, mama. Sahani zinatoka saa sita na nusu. Nakuachia."

Zaidi ya saa nne nzima! Bibi Loisi alikunja mikono ya blauzi kwa dharau. Akaosha kunde, akazitia motoni, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kufika saa nne alikuwa anajua wapishi wote wanne wameoa wapi. Kufika saa tano alikuwa amesimama mara tatu kubana kunde, na kila mara alichochea moto upya. Saa tano na nusu aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akafungua fundo la khanga yake.

"Mama," sauti ya mhubiri ilitoka nyuma yake. "Hicho nini?"

"Dawa ya kifua."

"Ni magadi hayo."

"Kidogo tu! Ukucha mmoja!"

Eliakimu hakucheka, ingawa wapishi wake walikuwa wameinamia kabichi mabega yakiwatikisika. Akachuchumaa mbele yake ili macho yao yawe sawa.

"Mama, njoo uone kitu." Akampeleka hadi dirishani, akamwonyesha jengo refu ng'ambo ya ua. "Ile ni wodi ya watu wa presha na figo. Ukucha wako mmoja kwangu ni debe zima, kwa sababu sufuria yangu ni kubwa. Daktari akikuta magadi kwenye chakula chao nafukuzwa kazi, na atakuwa na haki. Huko nyumbani tia, wewe ni mzima kuliko mimi. Hapa, hapana."

Bibi Loisi alilifunga tena lile fundo. Akarudi kwenye ndoo yake.

Saa sita na nusu kamili matoroli ya chakula yakaanza kutoka, magurudumu yakilia kwenye sakafu. Kunde zake zilikuwa bado zinacheza ndani ya maji. Mara mlangoni akatokea Mzee Bernardo, mwenye nyumba ya tatu kutoka kwake kijijini, aliyelazwa wiki mbili kwa presha, amevaa shuka la hospitali begani kama mgolole.

"Nimesikia Loisi yuko jikoni!" alisema kwa furaha. "Nesi kanipa dakika kumi. Wiki mbili nakula vyakula vya watu. Nipe kunde zangu nikanywe dawa."

"Hazijaiva, Bernardo."

"Kunde zako? Acha utani."

Akachukua kijiko mwenyewe kabla hajazuiwa, akatia mdomoni, akatafuna kwa meno manne aliyobaki nayo. Wakasikia mlio. Bernardo akatoa kunde moja, akaiweka kiganjani, akaitazama kwa huzuni.

"Loisi, dada yangu," alisema, "mimi nimekukosea nini?"

Jiko zima likalipuka kwa kicheko. Bibi Loisi peke yake hakucheka. Alimtazama yule mzee akirudishwa wodini na sahani ya wali na maharage, nesi anamshika kiwiko, anamhimiza ale upesi kwa kuwa dawa inasubiri. Aliwatazama mpaka walipoingia mlangoni. Kisha akaitoa sufuria yake motoni, akamwaga maji, akazirudisha kunde kibuyuni, moto hivyo hivyo.

Njiani Bibi Loisi alikipakata kibuyu chake. Bodaboda iliwashusha kijijini saa tisa, na badala ya kuagana njia panda akamwambia Antonia, "Nifuate."

Ndani ya nyumba yake, pembeni, vilisimama vilindo viwili. Akakipiga kofi kile kikubwa.

"Mwaka ule Wilbert ananyonya, mvua ilinyesha siku mbili tu. Nilikuwa na watoto watatu. Waliokuwa wameuza mpya walikwenda kuomba kwa ndugu zao Kondoa, wengine hawakurudi. Mimi nilikuwa na kilindo. Unaelewa, Mama Jordan? Sikuwa na ukaidi Jumamosi. Nilikuwa naogopa."

"Nimeelewa, mama. Na mimi sikukuuliza, nikaanza na saa."

"Ndiyo. Ulianza na saa." Akavuta pumzi. "Yule Bernardo atawachekesha watu kwa jina langu mpaka Krismasi. Haya. Nusu. Kila nyumba itoe nusu ya mpya, nusu ibaki ndani hata aje bwana afya, hata aje nani. Na za zamani tutakula sisi wenye magadi na siku nzima ya kuchochea moto. Geofrey asipewe hata kopo."

Antonia akapiga hesabu kichwani, nyumba kwa nyumba. Magunia hayakufika kumi na mawili.

"Yatakuwa tisa, mama. Niliahidi kumi na mawili."

"Basi uliahidi vilindo vya watu bila kuvifungua," alisema Bibi Loisi. "Kamwambie."

Ilikuwa kweli, na kweli ile iliuma. Antonia alimpigia simu Eliakimu jioni ileile, amesimama juu ya kichuguu ambapo mtandao unapatikana. Hakusema punda wameumwa wala mvua imenyesha. Alisema alikadiria vibaya, yapo tisa ya mwaka huu, hayatazidi, na akinyimwa kazi kwa sababu hiyo hatalalamika. Upande wa pili ilisikika sufuria ikiburutwa.

"Hayo tisa yataiva?"

"Kila moja nitalipika kesho mbele ya mwenyewe."

"Nitakujibu Alhamisi, nikishaonja," alisema Eliakimu, akakata.

Jumatano ua wa Antonia ulijaa tena. Bibi Loisi aliketi karibu na majiko, na ndiye aliyebana kunde, si Antonia. Alikuwa mkali mara mbili ya mkwewe. Mpwa wake mwenyewe alileta gunia lenye mpya juu na za zamani chini, akidhani konzi itachotwa juu. Bibi Loisi akazamisha mkono mpaka kwapani, akatoa konzi ya chini, akaipika, akamrudishia. "Nenda kachambue," alimwambia. "Na uone haya, mtoto wa dada yangu." Mpwa akachambua mpaka saa kumi na moja, akaleta gunia likiwa safi.

Alhamisi saa moja asubuhi magunia tisa yalishushwa nyuma ya jiko la hospitali. Eliakimu alichota kutoka kila gunia mwenyewe, akachanganya katika sufuria kubwa ya wagonjwa, akawasha. Hakuwa na chakula kingine cha akiba siku ile, na alihakikisha Antonia amelijua hilo. Antonia hakuweza kukaa. Alifagia ua usio wake. Josephine alihesabu madirisha ya wodi. Bibi Loisi aliketi juu ya ndoo, mikono mapajani, akisikiliza mlio wa sufuria.

"Zimeanza kunyamaza," alisema saa nne na robo. "Kunde ngumu hupiga kelele. Hizi zimenyamaza."

Saa tano kasorobo Eliakimu akafunua mfuniko. Mvuke ukapanda. Akachota, akabana kunde kwa kidole gumba, ikawa rojo. Akabana ya pili, ya tatu, ya kumi. Akaonja mchuzi akiwa amefumba macho.

"Tisa," alisema. "Nilikuwa nimepanga kunde Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Jumatano nitapika kitu kingine. Mama Antonia, njoo utie sahihi. Na mwakani limeni zaidi, yule bwana wa stoo nimeshamwambia."

Antonia akaenda mezani akifuta vumbi la ufagio mikononi. Aliandika tisa, kwa tarakimu na kwa maneno, akatia sahihi chini yake. Josephine nyuma yake alikuwa ameanza kuongea peke yake, akipima kwa mikono jinsi atakavyoongeza mistari ya kunde katika mtama wake upande wa korongo, mvua za Desemba zikifika.

Bibi Loisi akapewa sahani ya kwanza. Akaonja, akakunja uso, watu wote wakamsogelea.

"Zimeiva," alisema. "Lakini hazina chumvi."

"Chumvi nayo, mama," alisema Eliakimu kwa upole, "daktari amesema kidogo sana."

Bibi Loisi akamtazama mpishi, akaitazama sahani, akamtazama tena.

"Maskini Bernardo," alisema, akaendelea kula.